Mtu wa Arobaini na Moja

Jumapili ya Matawi, Gilbert Massie aliingia zizini kabla ya ibada kuanza, akamkuta Isobel Durie ameshakaa mahali pake. Alikuwa juu ya ndoo iliyopinduliwa, katikati ya ng'ombe wawili, sikio kalitega kwenye ukuta wa mbao. Upande wa pili wa ukuta ule kulikuwa na jiko la akina Massie, na jiko hilo ndilo lililokuwa kanisa letu la Drumfoyle tangu askari wa mfalme walipolichoma lile la mawe, miaka mitatu nyuma.

"Mama Durie," Gilbert alisema, kofia mkononi. "Leo ndiyo mwisho."

"Mwisho wa nini?"

"Wa kukaa humu. Sherifu kaleta ofisa mpya kutoka mjini. Jumapili iliyopita alikaa juu ya ukuta wa shamba tangu asubuhi, anahesabu vichwa utadhani kaja kununua kondoo. Akifungua huu mlango akakukuta, wewe ni wa tano."

"Mimi niko na ng'ombe, Gilbert."

"Paa ni moja, mama."

Isobel alijifunga ushungi wake vizuri, akageuza uso kwenye mbao, na Gilbert akaondoka bila kumsukuma, kwa sababu hakuna mtu Drumfoyle aliyewahi kumsukuma mke wa karani wa kanisa, hata baada ya karani mwenyewe kufa.

Sheria yenyewe ilitungwa London, na watu ambao ukiwauliza Drumfoyle iko wapi wangekuonyesha Ufaransa. Kasisi wetu, kama makasisi wote wa kanisa la maaskofu huku Uskoti, alikuwa amekataa kumwombea mfalme aliyekaa kitini, akaendelea kumwombea yule aliyefukuzwa. Basi wakamwambia: haya, salini, lakini wasiingie zaidi ya watu wanne kutoka nje. Wenye nyumba hawahesabiwi. Akionekana wa tano, kasisi anakwenda jela miezi sita. Akirudia, anapakiwa melini na kupelekwa ng'ambo ya bahari maisha yake yote. Kasisi Rait alikuwa ameshaimaliza ile miezi sita. Alitoka na kikohozi ambacho hakikumwacha tena, na umri wake ulikuwa miaka sabini na mmoja.

Kwa hiyo ibada moja ikawa ibada kumi. Tulibaki watu arobaini na mmoja nje ya nyumba ile, tukajipanga nne nne: baba, mama na watoto wawili, ndugu wawili na wake zao, wajane wanne wa upande wa mtoni ambao hawakuachana hata kwenda kuchota maji. Wanne wakitoka, wanne wanaingia. Arobaini ikagawanyika vizuri sana, na Isobel Durie ndiye aliyebaki. Hakuwa na mtoto. Mumewe alikufa majira yale yale ya baridi kanisa lilipochomwa. Hakuna aliyekaa na kuamua kumtenga, na hilo ndilo lililomuuma zaidi. Hesabu tu ndiyo iliyomtoa.

*

Jumatatu alijifunga kibwebwe akaenda kwa Marjory Cruickshank, ambaye kundi lake lilikuwa la yeye, mumewe na mabinti wawili.

"Binti yako mdogo hajapata kipaimara," Isobel alisema. "Pasaka hatakula mkate. Nipe nafasi yake mara hii moja."

Marjory alikuwa akikanda unga wa shayiri. Hakuinua macho. "Ningekupa, Mama Durie, Mungu shahidi. Lakini nimwache mtoto peke yake nyumbani siku ya Pasaka? Atajionaje?"

"Atajiona kama mimi."

"Ah, wewe umeshazoea."

Kwa wale wajane wa mtoni aliambiwa kwamba kasisi safari hii hana kifua cha ibada kumi. Atafanya tatu tu, na waliochaguliwa wameshapigiwa kura. Wao walikuwa wamepata. Walimwambia kwa sauti ya huruma huku wakimsogezea bakuli la kabichi, naye akasema ameshiba, ingawa tangu asubuhi hakuwa ametia kitu mdomoni. Alitembea kurudi kwake dhidi ya upepo. Nyumba ilikuwa kama alivyoiacha, na hilo pia lilikuwa limeanza kumchosha, kurudi kila siku na kukuta kijiko pale pale alipokiweka.

Si kwamba alitamani mkate kwa ajili ya mkate. Alitamani kupewa kitu mkononi na mtu, akitajwa kwa jina, pamoja na wengine. Pasaka mbili zilikuwa zimempita akiisikia ile sauti ya kasisi kupitia mbao: chukua, ule. Yeye alikuwa akinyoosha mkono gizani, halafu anaurudisha.

*

Jumatano Barbara Massie, mke wa Gilbert, alikuja mwenyewe. Aligonga mlango, akaingia kabla hajakaribishwa, akasimama katikati ya chumba alichokipiga deki kwa miaka kumi na moja. Aliletwa pale akiwa yatima wa miaka tisa kuwa mtumishi wa akina Durie, akatoka akiwa na ishirini kwenda kuolewa. Tangu hapo walikuwa wakisalimiana tu.

"Gilbert kakutoa zizini," alisema.

"Kanitoa."

"Kasisi anasema kuna njia. Wenye nyumba hawahesabiwi, na mtumishi ni wa nyumba. Nikikuajiri, utakaa jikoni na sisi, ofisa atake asitake."

Isobel alimtazama. "Wewe uniajiri mimi."

"Kwani nimekuja kukuomba? Nimekuja kukuambia." Barbara alichomoa shilingi mfukoni, ile ya kumshika mkono mtumishi siku ya kuajiriwa, akaiweka mezani. "Ukiichukua, unahamia leo. Utalala kwangu, utaosha vyombo, utatoa majivu. Hatutamdanganya mtu. Kasisi hataki uongo ndani ya jambo la Mungu, na mimi sitaki mzee wa watu akafie baharini kwa sababu yako."

"Majivu najua kutoa."

"Hujui. Nilikuwa nayatoa mimi." Barbara alikaa, bila kuambiwa akae. "Na kuna jambo jingine. Utaniita bibi, kama mtumishi anavyomwita mwenye nyumba."

Nje kuku alikuwa akiparua chini ya dirisha.

"Unakumbuka ile homa yangu?" Barbara akauliza. "Mwaka wa kwanza."

"Sikumbuki," alisema Isobel, naye alikumbuka vizuri kabisa.

"Niliamka nikakuona, nikakuita mama. Ulikuwa umeniwekea kitambaa cha maji kichwani. Ukasema, mimi si mama yako, mama yako amekufa, niite bibi. Hukukasirika hata kidogo. Ulisema kama mtu anayeeleza chumvi inawekwa wapi. Basi nikakuita bibi miaka kumi na moja." Alisimama akajikung'uta sketi. "Sasa ni zamu yangu. Jaribu."

Isobel alifungua mdomo. Neno halikutoka. Badala yake alinyoosha mkono akaichukua shilingi, akaifumbata.

"Utajifunza," Barbara alisema, akatangulia kutoka.

*

Alijikaza kisabuni siku tatu zile. Alitoa majivu, akayamwaga upande wa upepo yakamrudia usoni, na mabinti wa Massie wakacheka mpaka wakakaa chini. Alivunja bakuli moja. Barbara aliviokota vigae mwenyewe, akasema, "Mimi nilipovunja langu nililala na njaa," kisha akamwekea uji kama wengine.

Lakini neno lile halikutoka. Alipomhitaji Barbara alikohoa, au alimfuata mpaka alipo akasimama mbele yake. Mara moja alimtuma binti mdogo: kamwambie huyo. "Huyo nani?" mtoto akauliza, na Barbara aliyekuwa anasikia kutoka chumba cha pili akasema kwa sauti, "Muulize huyo ana jina gani." Isobel alikaa mezani usiku akila na watu watano, akisikia vijiko vitano, na bado hakuwa mmoja wao. Alikuwa mgeni mwenye ufagio. Alilala kwenye kitanda cha jikoni akiwasikia wanavyopumua upande wa pili, akafikiri kwamba upweke wa kwake angalau ulikuwa na mlango wa kufunga.

Ijumaa Kuu Kasisi Rait alimkuta anasugua sufuria.

"Kunakwendaje, Isobel?"

"Neno moja tu linanishinda, baba."

"Ni neno dogo."

"Lingekuwa kubwa ningelitafuna kwanza."

Mzee alicheka, kikohozi kikamshika, akashikilia ukingo wa meza mpaka kikapita. Isobel aliona damu kwenye kitambaa chake, naye kasisi akaona kwamba ameona.

*

Asubuhi ya Pasaka ng'ombe mwekundu alianza uchungu. Kikundi cha kwanza, Marjory Cruickshank na watu wake watatu, walikuwa wameshaingia. Mkate ulikuwa juu ya meza chini ya kitambaa cheupe ambacho Isobel alikidarizi mwenyewe enzi za kanisa la mawe. Kasisi alikuwa amevaa. Barbara alisema, "Nipeni dakika chache, nimtazame ng'ombe," akakunja mikono ya gauni, akaingia zizini na kufunga mlango.

Hapo ndipo ofisa alipoingia. Jina lake Tulloch, mtu mwenye heshima zake, alivua kofia na kupangusa viatu kabla ya kukanyaga ndani. Watu wa namna hiyo ndio wabaya, kwa sababu huwezi hata kuwachukia kwa raha.

"Msisimame," alisema. "Nahesabu tu." Alitoa kijitabu. "Wa kutoka nje?"

"Wanne," Gilbert akasema. "Hao hapo."

"Na wenye nyumba?"

"Mimi, mke wangu yuko zizini, mabinti wawili, kibarua wa shamba. Na huyu mtumishi."

Tulloch alimgeukia Isobel. Aliutazama ule mgongo ulionyooka, na ukosi wa lesi, na mikono. Mikono ilikuwa na malengelenge mapya, siku tatu tu. Kisha akakitazama kiti. Kwa mazoea ya maisha yake yote Isobel alikuwa amekaa kwenye kiti cha karibu na meza, na Gilbert, mwenye nyumba, alikuwa amesimama nyuma yake.

"Mtumishi anakaa, bwana wake kasimama," Tulloch alisema taratibu. "Ndiyo desturi za huku?"

"Ni mzee," Gilbert akasema.

"Ndiyo, ni mzee. Mtu gani anaajiri mtumishi wa umri huu mwezi wa nne, nje ya msimu wa kuajiri?" Akamwinamia Isobel, wala hakuwa mkali. "Mama, wewe ni wa nyumba hii?"

"Ni wa hapa."

"Basi mwite bibi yako. Nataka kumwona mwenye jiko."

Marjory Cruickshank alishika mkono wa binti yake, yule ambaye hakutaka kumwacha nyumbani. Kasisi Rait alitazama mkate. Isobel aliuona uso wa yule mzee ulivyokuwa mweupe, akaiona meli, akaona kwamba neno moja ndilo linalosimama kati yake na maji. Akalikusanya. Alilileta mpaka kwenye meno. Akavuta pumzi, akaita kwa nguvu ili lisikike mpaka zizini, na sauti yake yenyewe, ile iliyoita ndani ya nyumba moja miaka kumi na moja bila kuulizwa, ikamtangulia.

"Bawbie!"

Jina la utotoni. Jina la kumwita yatima aje kufua.

Na zizini, mikono ikiwa ndani ya ng'ombe, Barbara Massie, mke wa mtu, mama wa watoto wawili, alijibu kabla hajafikiri, kwa sauti ya mtoto anayekimbia:

"Naam, mama!"

Mlango ulifunguka. Alisimama pale na damu mpaka viwiko, nywele zimemwangukia usoni. Aliwaona watu. Akamwona ofisa na kijitabu chake.

"Umemwita mama," Tulloch alisema. "Mumeo kaniambia ni mtumishi."

Barbara alimtazama mumewe, akamtazama kasisi. Mwisho alimtazama Isobel, aliyekuwa amefumba macho. Alipangusa mikono kwenye aproni, kidole kimoja kimoja.

"Ndivyo mwenyewe anavyotaka kuitwa," alisema. "Anaona haya kula bure. Kutwa nzima anahangaika na majivu, ananivunjia mabakuli, nikimwambia apumzike ananuna. Wewe una mama, bwana?"

"Ninaye."

"Basi usiniulize."

"Ameishi na wewe tangu lini?"

"Tuliishi pamoja tangu nina miaka tisa," Barbara alisema, na hapo hakusema uongo.

Tulloch alikaa na kalamu mkononi kitambo. Pengine aliamini. Pengine alimkumbuka mama yake mwenyewe na majivu yake. Aliandika: wa nje wanne, akafunga kijitabu, akawatakia Pasaka njema, akaenda kukaa juu ya ukuta wake.

Kasisi Rait hakuweza kuanza mara moja. Alipoanza, sauti yake ilikuwa ndogo mno. Alipofika kwa Isobel alimtaja jina, akamwekea kipande kiganjani, na Isobel akakila. Alisikia mkono wa mtu unamgusa bega upande wa kushoto na wa mtu mwingine upande wa kulia, kwa sababu jiko lilikuwa dogo na watu kumi walikuwa wamepiga magoti. Alilia bila kujificha. Hakuna aliyemtazama vibaya.

*

Kasisi alikuwa na daftari, na kila ibada aliandika waliokuwapo, wa nje upande huu na wa nyumbani upande ule. Kikundi cha tatu kilipokwisha kuondoka alichovya kalamu, akauliza, "Isobel nimwandike vipi?"

Barbara alikuwa ameinama juu ya sufuria, amempa mgongo. "Kama alivyosikia ofisa."

"Mimi siandiki uongo, Barbara."

"Kwani nani kakuambia uandike uongo?"

Basi daftari lile lipo mpaka leo katika kabati la kanisa letu jipya, ambalo si jipya tena. Upande wa nyumbani, chini ya majina ya akina Massie, imeandikwa: Isobel Durie, mama. Kila tunapofanya sikukuu ya kanisa mtu fulani huandika historia yetu upya, na kila mara huandika kwamba Barbara Massie alimtunza mama yake mzazi wakati wa taabu. Wanaojua huwa hawamsahihishi. Wala haiandikwi popote kwamba katika miaka sita waliyoishi pamoja baada ya hapo, Barbara hakumwita tena hivyo hata siku moja, na Isobel hakumwita yeye bibi.

Lakini mchana ule wa Pasaka, vyombo vilipokwisha oshwa na ndama mwekundu akiwa amesimama kwa miguu yake, Isobel alichukua ushungi wake msumarini.

"Unakwenda wapi?" Barbara akauliza.

"Kwangu. Pasaka imekwisha."

"Yule mtu bado yuko ukutani. Nimesema unaishi hapa, mbele ya kasisi na mkate. Unataka niwe mwongo leo?"

"Ulisema mama, Bawbie."

"Lilinitoka tu. Lisikuvimbishe kichwa."

Isobel alisimama na ushungi mkononi, hajui auvae au aurudishe. Barbara alimaliza kupangusa meza. Kisha akaja mpaka mbele yake, akanyoosha kiganja.

"Nipe shilingi yangu."

"Shilingi?"

"Ile niliyokuajiria. Lete."

Isobel aliinama akaifumua kutoka kwenye pindo la gauni, mahali alipoishonea ile Jumatano asije akaipoteza. Uzi ulikuwa mgumu, ikamchukua muda. Barbara alingoja bila kumharakisha.

"Sasa nitakuwa nani humu ndani?" Isobel aliuliza, akiiweka ile sarafu mkononi mwake.

Barbara aliitia shilingi mfukoni, akachukua ule ushungi akautundika msumarini.

"Kaa chini," alisema. "Uji unapoa."